Tumbo la Fouga

Ndugu na dada wa chama, na ninyi wadogo zetu mungali mu auditoire, leo siandiki juu ya mahindi. Naandika juu ya ndege ya kivita yenye urefu wa sentimita 14. Wenye kusema agronomia na ndege haviendi pamoja wavumilie kidogo: mavumbi mekundu na zinki vitaingia humu ndani, na hapo nitakuwa nyumbani.

Mwaka jana binamu yangu anayeishi Liège alitutumia kartoni. Ndani mlikuwa nguo za watoto, simu moja ya zamani, na ndege ndogo ya metali iliyolazwa mu plastiki kama yai: Fouga Magister, ndege ya Wafaransa ya kufundishia marubani, kipimo cha 1:72, yaani kila kitu kimegawanywa kwa 72. Ilipakwa buluu, nyeupe na nyekundu, rangi za kikosi chao cha maonyesho. Binamu ameingia katika mambo ya kukusanya maketi za ndege, na aliandika kwa fahari kwamba hii ni "ya kweli kabisa", kwamba wenzake wakusanyaji waliipa alama nzuri. Ilikuwa zawadi ya kambo wetu, baba ya mama yangu, kwa sababu kambo alikulia Likasi wakati Likasi ingali Jadotville, na mwezi wa Septemba 1961 alikuwa mtoto wa miaka 11. Yeye Fouga aliiona.

Kambo akavaa miwani. Sisi wote tulikuwa tumeitazama ndege ikiwa juu ya meza, tukisifu kioo na magurudumu. Yeye aliinyanyua juu ya kichwa chake, akaitazama kutoka chini. Akatoa vidole viwili, akavitanua. "Mukia njo wenyewe," akasema. "Rangi hapana." Halafu akaikaribisha machoni: "Na hapa ku tumbo? Ndeke gani iko na visi kubwa hivi ku tumbo?"

Tulicheka sana. Lakini lile neno la tumbo halikuniacha. Nilianza kutafuta namna wakusanyaji wanavyopima ukweli wa ndege hizi, na nilikuta kazi kubwa kuliko nilivyofikiri, yenye historia yake, na historia hiyo inapita hapa kwetu.

Jambo la kwanza wanalotazama ni umbo. Kabla ya rangi, kabla ya ribiti, mkusanyaji mzoefu anaweka maketi kando ya mchoro na picha, anauliza: pua ni yenyewe? Pembe ya mabawa? Unene wa mwili nyuma ya rubani? Wanafunzi wa agronomia wanajua jambo hili kutoka TP za botania: hauanzi kuhesabu stameni, unaanza kutazama mmea wote ulivyosimama. Fouga ni rahisi kuitambua. Pua ndogo, kioo kirefu chembamba kinachofunika marubani wawili walioketi mmoja nyuma ya mwingine, matangi ya mafuta kwenye ncha za mabawa, na ule mkia wa V ambao kambo aliuonyesha kwa vidole. Mtengenezaji akikosea pembe ya ile V, hata akichonga kila ribiti, kazi imekufa.

Baada ya umbo ndiyo wanashuka kwenye vitu vidogo, na hapa ugomvi ni mwingi. Ndege ya kweli imeundwa kwa mabati yaliyounganishwa, na maungio yale yanaonekana kama mistari myembamba. Maketi lazima iwe na mistari hiyo, la sivyo inaonekana kama sabuni. Lakini mstari wa upana gani? Chukua kalkuleta. Mstari wa nusu milimita kwenye maketi ya 1:72 ni milimita 36 kwenye ndege ya kweli. Sentimita 3,6! Katika ufa wa namna hiyo unaweza kupanda maharagwe na yakaota. Ndiyo maana wakusanyaji wanalalamika wakiona mistari ya kina kirefu. Mkulima angesema ni mifereji ya kumwagilia maji. Na rangi pia: koti la rangi la sehemu moja ya kumi ya milimita lingekuwa milimita 7 na zaidi kwenye ndege ya kweli, kama lipu ya nyumba. Ribiti ya kweli yenye kichwa cha milimita 5 ingebaki milimita 0,07, jicho haliioni. Maana yake, maketi ikikuonyesha ribiti zote wazi wazi imekudanganya, na isipozionyesha mnunuzi anasema haina kazi ndani yake. Rubani wa mita 1,80 anakuwa sentimita 2,5, naye lazima awe na uso!

Kuna uwongo mmoja ambao wakusanyaji wanaupenda wote, hata wale wakali: uzito. Wanasema ndege ya metali inajaza mkono, plastiki ni ya watoto. Nilipeleka Fouga ya kambo kwa rafiki mwenye mizani ya labo, ikapima gramu 118. Sasa, Fouga tupu ya kweli ilikuwa na uzito wa kupita kidogo tani 2. Ukiipunguza mara 72 kwa urefu, mara 72 kwa upana na mara 72 kwa kimo, unagawanya kwa 373.248. Inabaki gramu 6 hivi. Karatasi moja ya A4, basi. Ndege ya kweli ni kitu chepesi mno, ngozi ya bati iliyofunika hewa, na ile maketi iliyosifiwa ni jiwe.

Kwa nini basi jiwe? Kwa sababu ya namna ya kutengeneza. Metali inayeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, inaganda mara moja, inatoka bawa au mwili mzima. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, iliuza vitoto vya namna hiyo kwa jina la Dinky Toys tangu 1934, magari na ndege. Zilikuwa za kuchezea hasa. Bawa nene, propela ya bati, hakuna rubani. Mtoto aliitaka iruke mkononi mwake na isivunjike ikianguka. Hata sisi hapa, tulipotengeneza ndege kwa makopo ya sardini na nyaya, tulikuwa na sheria moja tu: ukikimbia nayo, propela lazima izunguke. Isipozunguka, si ndege.

Kile kipimo cha 1:72 chenyewe kilitoka Uingereza pia. Ni hesabu ya kipimo chao cha zamani: inchi moja inasimama mahali pa futi sita, yaani kimo cha mtu mrefu. Maketi za Skybirds, za mbao na metali, zilikitumia tangu 1932, na zile za kwanza za plastiki, Frog Penguin, zikafuata 1936. Halafu vita ikaja, na mchezo ukageuka kazi.

Hii sehemu ndiyo iliyonifanya niandike. Mu vita ya pili ya dunia, shida kubwa ya askari wa chini ilikuwa kujua ile ndege inayokuja ni ya nani. Unayo sekunde chache. Ukikosea unapiga wenzako, ukichelewa unapigwa. Mwanzo wa 1942 jeshi la maji la Marekani likaomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge maketi nusu milioni za mbao, kipimo 1:72, zikipakwa nyeusi tupu. Hakuna nembo, hakuna kioo, hakuna mistari. Umbo tu. Zilitundikwa na kuonyeshwa juu, mwanafunzi wa kijeshi akae chini atazame kivuli chake na aseme jina.

Hapo "ukweli" wa maketi ulikuwa na maana moja: mtu wa chini aitambue ndege kwa wakati. Nusu milioni za vipande vya mbao nyeusi, na mkusanyaji wa leo asingezipa hata alama moja ya kumi.

Baada ya vita walinunua wale waliokuwa watoto wakati ule, sasa ni watu wazima wenye pesa. Wakataka vitu vidogo. Mwisho wa miaka ya 1990 na miaka ya 2000, kampuni kama Corgi na Hobby Master zikawa zinatoa ndege za metali za 1:72 zilizopakwa tayari, zikitengenezwa China, nembo ndogo ndogo zikigongwa kwa mhuri wa mpira laini ambao unajipinda juu ya mwili wa mviringo. Na sasa swali likageuka. Mkusanyaji haulizi tena kama ni Spitfire. Anauliza: ni Spitfire ya nani, mwezi gani, uwanja gani? Namba hii iliandikwa mbele ya bawa au nyuma? Moshi wa bomba ulichafua mpaka wapi? Ndege haiwakilishi tena aina, inawakilisha siku moja.

Ngoja nipite kando kidogo, mambo ya zinki yananiwasha. Metali ya maketi hizi inaitwa zamaki, jina lililotengenezwa kwa herufi za kwanza za Kijerumani za zinki, aluminiumu, magneziumu na shaba. Ilitoka Marekani, kwa kampuni ya New Jersey Zinc, mwaka 1929. Sasa ndege nyingi za Dinky za kabla ya vita zinakufa ndani ya makabati ya wakusanyaji. Bawa linavimba, linapasuka nyufa ndogo, linajipinda, siku moja linakuwa vipande. Kwa Kifaransa ugonjwa huo unaitwa peste du zinc, na mimi, mtu wa mifugo na mimea, niliposoma peste niliwaza mara moja peste ya nguruwe, nikatafuta mdudu au virusi. Hakuna mdudu. Ni risasi. Zinki ikiwa na risasi kidogo sana ndani yake, labda kwa sababu mfanyakazi alitupa kipande cha risasi mu chungu kimoja, unyevu wa hewa unaingia katikati ya chembe za metali na kuzila polepole kwa miaka. Dawa yake ni zinki safi, ya asilimia 99,99. Ni kama mbegu: ukiuziwa mbegu yenye uchafu haulii siku ya kupanda, unalia msimu ukiisha.

Na zinki tunaijua sisi. Kipushi iko kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, machimbo yalifunguliwa 1924, yakafungwa 1993, yakaanza tena kutoa zinki 2024. Metali haibebi kitambulisho, lakini kila mara ninaposhika Fouga ya kambo nawaza shimo la Kipushi.

Turudi kwa Fouga sasa, ile ya kweli, ya hapa.

Munajua Katanga ilijitangaza nchi tarehe 11 Julai 1960, Tshombe akiwa kichwa. Februari 1961 zikafika Fouga tatu kutoka Ufaransa, zimebebwa ndani ya ndege kubwa ya mizigo. Ilikuwa ndege ya shule, narudia, lakini puani iliweza kubeba bunduki mbili za rashasha na chini ya mabawa mabomu madogo. Moja ilianguka. Nyingine ilikamatwa na ONU mu uwanja wa Elisabethville mwisho wa Agosti 1961. Ikabaki moja, ikiruka kutoka Kolwezi.

Moja! Na ile moja ilisumbua Umoja wa Mataifa mzima. Tarehe 13 Septemba ONU ilipoanza operesheni yake Elisabethville, haikuwa na ndege hata moja ya kupigana hapa Kongo. Kule Jadotville kompani ya Waayalandi wapatao 155, wakiongozwa na kamanda Pat Quinlan, ilizingirwa. Fouga ilikuja, ikapiga, ikarudi Kolwezi, ikaja tena. Wenzao waliotumwa kuwaokoa wakakwama ku daraja la Lufira. Tarehe 17 wakajitoa, maji na risasi vimekwisha, hakuna hata mmoja wao aliyekufa, jambo ambalo bado linashangaza watu wa kijeshi.

Kwa kuogopa Fouga hiyo hiyo, ONU iliomba ndege za kivita kwa nchi rafiki. Ethiopia ikatuma Sabre, India ikatuma Canberra, na Swideni ikatuma J 29, ndege nene ya mviringo ambayo Waswidi wenyewe waliita Tunnan, yaani pipa. Zile tano za kwanza zilifika Oktoba 1961, zikakaa kwanza Luluabourg, ndiyo Kananga, baadaye Kamina, na mwezi wa Desemba zikapiga uwanja wa Kolwezi. Kazi ilipokwisha 1963, Waswidi waliona gharama ya kuzirudisha ni kubwa kuliko thamani yake, kadhaa wakaziharibu wenyewe palepale Kamina. Mkusanyaji anayetafuta maketi ya "pipa la Kongo" atafute basi ndege ambayo mwisho wake uko kwetu.

Sasa tuseme mtu anataka Fouga ya Katanga ya 1:72 na aihukumu kwa sheria za leo, za siku moja na uwanja mmoja. Atatumia nini? Picha. Na picha za ndege ile moja, kwa siku chache za vita, si nyingi, tena nyingi zimepigwa chini, ndege imesimama, mpiga picha amesimama kando ya bawa. Kutoka hapo unapata namba, nembo, rangi ya ubavu. Vizuri. Lakini kuna vitu ambavyo mtu wa Katanga angeviuliza kabla ya namba. Septemba kwetu ni mwisho wa kiangazi. Mvua haijaanza. Udongo wetu umejaa oksidi za chuma, mwekundu, mlaini kama unga ukikauka, na unashika kila kitu: soksi, makaratasi, mapafu. Ndege iliyokuwa ikiruka na kutua Kolwezi mwezi huo lazima tumbo lake, vyumba vya magurudumu na mabawa nyuma ya matairi viwe na rangi ya udongo huo. Wakusanyaji wana mabishano marefu juu ya uchafu, wengine wanasema maketi nyingi zimechafuliwa kupita kiasi, na wana haki, kwani mafundi walizifuta ndege zao. Lakini uchafu wa wapi? Wengi wanapaka moshi mweusi na mafuta, uchafu wa Ulaya. Sisi uchafu wetu ni mwekundu.

Tena Septemba ni mwezi wa moto wa porini. Anga inakuwa nyeupe kwa moshi, jua lenyewe linakuwa kama sahani. Ndege ikipita katika anga ile haina rangi. Ni kivuli cheusi.

Niliuliza kambo tena, jioni moja, tukiwa wawili. Nikamuuliza rangi yake ilikuwa nini. Alinitazama kama mtu anayetazama mwanafunzi mvivu.

"Rangi ya mugongo, nani angeiona? Ile ndeke ilikuwa inatoka kule ku Kolwezi, tulikuwa tunasikia mulio kwanza, mulio wa kupasua masikio. Mama analalamika: laleni chini! Tunalala mu manioki. Miye nilikuwa nageuka kidogo, natazama. Niliona tumbo. Tumbo na ule mukia. Njo vyote."

Nikaelewa kwa nini aliinyanyua juu ya kichwa siku ile ya kwanza. Alikuwa anaipeleka mahali pake.

Sasa fikirini maketi yoyote ya metali mnayoijua. Juu imependeza, kila kitu kimefanyiwa kazi. Geuza. Tumboni ndiyo kuna visi vinavyoshikanisha nusu mbili, tundu la kuingizia kijiti cha kusimamia, wakati mwingine jina la kiwanda. Mtengenezaji anajua mnunuzi ataiweka ku kabati na kuitazama kutoka juu. Hata wale wakali wa mistari na ribiti wanasamehe tumbo. Tundu la kijiti hawalikati alama. Yaani sehemu pekee ya ndege ambayo watu wa Jadotville waliiona ndiyo sehemu pekee iliyokubaliwa kuwa ya uwongo. Sisemi ni dhambi. Nasema ni jicho la nani limepimwa.

Na usidhani ni mambo ya kuchezea tu. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ile siku ileile Waayalandi walipojitoa, Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa anakwenda Ndola kuonana na Tshombe. Ndege yake, DC-6 iliyoitwa Albertina, ilizunguka njia ndefu usiku kwa kukwepa Fouga. Ilianguka msituni karibu na Ndola. Walikuwa 16 ndani. Mmoja tu alitolewa hai, naye akafa siku chache baadaye.

Msitu ule ulikuwa na wachoma makaa. Kazi ya makaa mnaijua, mtu halali, anachunga tanuri lake usiku. Kadhaa kati ya watu weusi wa pale walisema waliona ndege zaidi ya moja, au mwanga angani, kabla ya kuanguka. Tume ya Rhodesia ya 1962 haikutilia maanani maneno yao, ikasema ni kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka uleule ilikataa kufunga mlango. Karibu miaka hamsini ikapita kabla watafiti hawajarudi kwa wazee wale kuwauliza tena kwa adabu. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo jipya, mkuu wake Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na ripoti yake ya 2017 ilisema inawezekana kabisa kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali ile.

Na mu kesi hiyo yote, ndege ndogo inapimwa kama maketi inavyopimwa. Fouga ingeweza kuruka umbali ule kutoka Kolwezi? Mafuta yale ya ncha za mabawa yangetosha? Ingeweza kufanya kazi usiku? Au ilikuwa ndege nyingine, ya umbo jingine? Wataalamu wana makaratasi, wana takwimu za injini. Wachoma makaa walikuwa na kile kambo alichokuwa nacho: kivuli, mwanga, mlio, wakitazama kutoka chini. Vijana wa Marekani walichonga nusu milioni za vivuli vyeusi kwa sababu jeshi liliamini jicho la mtu wa chini linatosha kuhukumu uhai na kifo. Miaka kumi na tisa baadaye jicho la mtu wa chini, akiwa Mwafrika mwenye masizi mikononi, halikutosha.

Basi nilifanya nini na ile Fouga? Binamu alinishauri niiache katika rangi zake za maonyesho, kwa sababu ukipaka upya thamani inaanguka. Sikupaka. Kambo mwenyewe aliomba uzi wa kuvulia samaki. Tuliitundika ku plafond ya salon, juu ya kiti chake, pua ikitazama mashariki, kwa sababu, alisema, ilikuwa inatoka Kolwezi. Visi vya tumbo niliviziba kwa mastiki na kuvipaka rangi ya tofali iliyosagwa na gundi kidogo, nikaendeleza vumbi mpaka nyuma ya magurudumu. Ukiwa umesimama hauoni kitu. Lazima uketi.

Wiki ya tatu uzi ulikatika. Metali haikupata kitu, lakini tangi moja la ncha ya bawa, ambalo kumbe lilikuwa la plastiki, lilivunjika. Nililigandisha kwa super glue usiku, umeme umeenda, natumia tochi ya simu, gundi ikavuja ikafunika ile mistari myembamba ambayo binamu aliisifu sana. Nilimtumia picha. Alijibu kwa uso mmoja tu wa kulia. Kambo aliketi, akatazama juu, akauliza chakula kiko wapi.